Kaunti ya Alexander, Illinois: ile asilimia 36.4 ilitoka wapi?

Matokeo ya sensa ya Marekani ya 2020 yalipotangazwa, kaunti moja ndogo kwenye ncha ya kusini kabisa ya jimbo la Illinois ilijikuta magazetini kwa sifa ambayo hakuna anayeitafuta. Nchi ile ina kaunti zaidi ya 3,100, na hakuna hata moja iliyopoteza sehemu kubwa ya watu wake kama Alexander. Mwaka 2010 ilikuwa na watu 8,238. Mwaka 2020 walihesabiwa 5,240. Hiyo ni pungufu ya asilimia 36.4 ndani ya miaka kumi, bila vita na bila tauni.

Kazi yangu ni takwimu za watu, na tarakimu ya namna hii hunitia mashaka kwa sababu kila anayeisoma huwa na jibu mfukoni. Jibu lililopendwa zaidi lilikuwa mafuriko. Ukiangalia ramani utaelewa kwa nini: Cairo, mji mkuu wa kaunti (wenyeji hutamka "Kero"), umebanwa kwenye ulimi mwembamba wa ardhi kati ya mto Mississippi na mto Ohio. Nani angekaa hapo? Lakini jibu hilo halikai sawa na miaka. Kila nikiipanga sensa ya kaunti hii kwa mfuatano, muongo kwa muongo, naona watu wakiondoka wakati ambapo maji hayakuwa tatizo, na wakiongezeka wakati ambapo maji yalikuwa yakiwasumbua kweli kweli.

Kabla sijaendelea, neno kwa wasomaji wa Kenya. Kaunti ya Marekani haina gavana. Gavana ni wa jimbo zima. Illinois peke yake ina kaunti 102, na Alexander inaendeshwa na makamishna watatu pamoja na sherifu, mahakama na ofisi za kodi na kumbukumbu. Mapato yake yanategemea sana kodi ya ardhi na majengo. Nyumba zikibaki tupu, kaunti inafilisika pole pole. Mwaka 2009 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba benki ilichukua magari ya doria ya sherifu kwa sababu ya deni.

Sasa ardhi yenyewe. Alexander iliundwa mwaka 1819, mwaka mmoja baada ya Illinois kuwa jimbo, ikapewa jina la William Alexander, tabibu na mwanasiasa wa mwanzo wa eneo hilo. Mwaka 1843 ikakatwa upande wa mashariki kuunda Kaunti ya Pulaski. Makao makuu yake yamehama mara tatu: yalianza kijiji kilichoitwa America, yakaenda Unity, yakaenda Thebes, ambako jengo la mahakama la 1848 bado linatazama Mississippi kutoka kilimani, na mwaka 1860 yakafika Cairo. Eneo hilo lote la kusini huitwa Misri Ndogo, na majina ya Cairo, Thebes na Karnak ya jirani yanaeleza mengine yote.

Kaskazini mwa kaunti kuna vilima na misitu. Kusini ni tambarare ya mafuriko, mabwawa, na ziwa la Horseshoe, ambalo ni kona ya zamani ya Mississippi iliyoachwa mto ulipobadilisha njia. Mahali mito miwili inapokutana ndipo penye kimo cha chini kuliko pote Illinois, mita 85 hivi juu ya usawa wa bahari. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hapo Ohio huwa unaleta maji mengi kuliko Mississippi wenyewe. Kwa kipimo cha maji peke yake, mto unaokwenda hadi Ghuba ya Mexico ungeweza kabisa kuitwa Ohio. Jimbo lina sifa ya kaskazini, ya Chicago na theluji, lakini Cairo iko kusini zaidi ya Richmond, Virginia, uliokuwa mji mkuu wa majimbo ya kusini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hilo nitalirudia, kwa sababu lina uzito kwenye hesabu ya watu.

Watu walikuja pale kwa ajili ya mito. Mwaka 1837 kampuni ya Darius Holbrook ilianza kuuza ndoto ya jiji kubwa kwenye makutano hayo, na hati zake za mkopo zikauzwa hadi Uingereza. Benki ya London iliyokuwa ikizishughulikia ilianguka mwaka 1840, na wakazi wakatawanyika. Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alipopita na meli mwaka 1842 aliona tope, homa na nyumba zilizoachwa nusu, akaandika kwa dharau isiyofichika. Kama sensa ingefuata maoni yake, hadithi ingeishia hapo.

Reli ndiyo iliyobadilisha mambo. Kampuni ya Illinois Central ilikamilisha njia yake kutoka kaskazini hadi Cairo katikati ya miaka ya 1850. Reli ikaishia mtoni; kutoka hapo mzigo na abiria walihamia meli za mvuke kwenda Memphis na New Orleans. Vita vilipoanza mwaka 1861, Ulysses Grant, jenerali wa upande wa kaskazini, aliweka makao yake Cairo, na kambi ya Fort Defiance kwenye ncha ya makutano ikawa mlango wa majeshi ya kaskazini kwenda kusini. Kaunti iliyokuwa na watu 4,707 mwaka 1860 ilihesabiwa watu 10,564 mwaka 1870.

Ndani ya ongezeko hilo kuna kundi ambalo halitajwi vya kutosha. Kabla ya vita watu Weusi wa Cairo walikuwa wachache sana. Wakati wa vita, maelfu waliokuwa watumwa walipanda mto hadi kambi ya wakimbizi iliyowekwa hapo na jeshi. Wengi walipelekwa kwingine, wengi walifariki kwa maradhi, lakini waliobaki walikuwa zaidi ya robo ya wakazi wa mji mwaka 1870.

Kuanzia hapo hadi 1940 kaunti ilikua karibu bila kusita: 19,384 mwaka 1900, 23,980 mwaka 1920, na kilele cha 25,496 mwaka 1940. Katika kipindi hicho hicho mito ilifurika mara kwa mara, na mwaka 1937 Ohio ulipanda hadi futi 59.5 kwenye kipimo cha Cairo. Mji ulijibu kwa kujizungushia matuta, na upande wa kaskazini ukajenga lango kubwa la chuma, mwaka 1914, linaloshushwa na kufunga barabara maji yakija. Watu walikaa.

Basi kilichoondoa watu ni nini? Naanzia kwenye madaraja. Faida ya Cairo ilikuwa kwamba kila kitu kililazimika kusimama pale: behewa lishushwe, mzigo upakiwe kwenye kivuko, abiria alale hotelini akisubiri. Mwaka 1889 Illinois Central ilivusha reli juu ya Ohio kwa daraja. Mwaka 1905 likaja daraja la reli la Thebes juu ya Mississippi. Ya magari yakafuata, la Mississippi mwaka 1929 na la Ohio muongo uliofuata. Na mwaka 1978 barabara kuu ya I-57 ilivuka Mississippi kwa daraja lake, ikaukwepa mji. Kila daraja lilishangiliwa, na kila daraja liliondoa sababu moja ya msafiri kusimama. Athari zake zilichelewa kuonekana kwa sababu mbao na mashamba viliendelea kuajiri watu kwa miaka mingi.

Baada ya 1940 mashine ziliingia mashambani, na viwanda vya Chicago, St. Louis na Detroit vikawa vinaita. Muongo wa 1940 peke yake uliondoa watu 5,180, wa 1950 ukaondoa 4,255, wa 1960 ukaondoa 4,046. Kwa idadi ya vichwa, miongo hii yote mitatu ni mibaya kuliko ule wa 2010, uliopoteza watu 2,998. Asilimia ya 2020 inatisha zaidi kwa sababu kaunti ilikuwa tayari imebaki ndogo. Hili ni jambo la kawaida sana katika kazi yangu na bado kila sensa linawapita waandishi wa habari.

Lakini uhamaji wa kwenda viwandani ulikumba kaunti nyingi za mashambani, na nyingi zilitulia. Cairo haikutulia, na hapa ndipo ule ukusini wake, yaani ubaguzi wa rangi kama wa majimbo ya kusini, unapoingia. Tarehe 11 Novemba 1909, umati wa maelfu ulimuua William James, mtu Mweusi aliyetuhumiwa kuua msichana Mzungu, bila kesi, katikati ya mji. Usiku huo huo wakamuua pia mfungwa Mzungu, Henry Salzner. Gavana Charles Deneen alimwondoa sherifu Frank Davis kazini, na Davis alipoomba kurudishwa, Ida B. Wells, mwandishi wa habari Mweusi aliyepinga mauaji ya umati, alisafiri hadi Cairo kukusanya ushahidi, kisha akasimama mbele ya gavana kumpinga. Davis hakurudishwa.

Miaka hamsini baadaye mambo yalikuwa bado yanachemka. Mwaka 1962 vijana wa harakati za haki za kiraia, John Lewis akiwa miongoni mwao, walipiga magoti nje ya bwawa la kuogelea lililowakataza Weusi. Mwaka uliofuata bwawa lilifungwa kabisa, kwa maana wenye mji waliona heri wote wakose kuliko waoge pamoja. Julai 1967 askari kijana Mweusi, Robert Hunt, alikutwa amekufa akining'inia katika mahabusu ya polisi. Polisi walisema amejinyonga, jamii yake haikuamini, ghasia zikazuka. Wazungu wakaunda kikundi chenye silaha kilichoitwa Kofia Nyeupe. Mwaka 1969, chini ya mchungaji Charles Koen, jumuiya ya United Front ilianza kususia maduka ya mji, wakitaka jambo lisilo gumu kulielewa: mnunuzi Mweusi aajiriwe pale anapoacha fedha zake. Wenye maduka wengi walikataa kwa miaka. Duka baada ya duka likafungwa, na wenyewe wakahama na mitaji yao.

Mara nyingi nimeona jambo hili likielezwa kwamba "mgomo uliua Cairo." Sikubaliani. Mteja anayekataa kununua anaweza kurudi siku akipata anachodai, na walichodai hakikuwa na gharama ya kuufunga mji. Uamuzi wa kufunga ulikuwa wa wenye maduka. Kufikia 1970 mji uliokuwa na watu 15,203 mwaka 1920 ulibaki na 6,277.

Turudi kwenye maji, kwa sababu mwaka 2011 yalileta jaribio ambalo mtafiti hapati mara mbili. Tarehe 2 Mei kipimo cha Cairo kilifika futi 61.72, karibu mita 19, rekodi mpya. Watu walikuwa wameamriwa kuondoka. Usiku huo Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi, kwa amri ya Meja Jenerali Michael Walsh, kililipua tuta la Birds Point upande wa Missouri na kuyaachia maji ekari 130,000 za mashamba. Missouri ilikuwa imepinga hadi mahakamani. Spika wa bunge la jimbo hilo aliulizwa angependa kizame nini, mashamba au Cairo, akajibu Cairo. Baadaye aliomba radhi. Kijiji cha Pinhook, cha Wamarekani Weusi, ndicho kilichoangamia upande ule. Cairo ilinusurika na watu wakarudi majumbani. Huo ndio muongo uliokuja kuvunja rekodi ya kupungua.

Yaliyotokea baada ya hapo yana tarehe na sahihi za maofisa. Kwanza, gereza la Tamms, kijiji kilichomo ndani ya kaunti. Jimbo lilifungua hapo mwaka 1998 gereza la ulinzi mkali kupita kiasi, wafungwa wakikaa peke yao karibu siku nzima, na likapingwa sana na watetezi wa haki za binadamu. Gavana Pat Quinn alilifunga Januari 2013. Kulifunga kulikuwa sahihi, kwa maoni yangu. Lakini sensa ya Marekani humhesabu mfungwa mahali gereza lilipo, kwa hiyo mwaka 2010 mamia ya watu ambao hawakuwahi kununua mkate Alexander walikuwa ndani ya zile 8,238. Mwaka 2020 hawakuwapo, wala askari magereza na familia zao waliokuwa wakiishi karibu na ajira ile.

Pili, nyumba. Elmwood na McBride zilikuwa nyumba za umma za Cairo zilizojengwa miaka ya 1940, zikiangaliwa na mamlaka ya nyumba ya kaunti. Ziliachwa zikaoza: panya, ukungu, joto lisilofanya kazi, huku fedha zikitumika vibaya. Serikali kuu ilichukua usimamizi mwaka 2016, na Aprili 2017 ikatangaza kwamba majengo yatafungwa. Watu kama 400, karibu nusu yao watoto, walipewa hati za kuwasaidia kulipa kodi ya nyumba popote watakapopata. Tatizo ni hilo "popote". Cairo haikuwa na nyumba za kupanga zenye hali nzuri, kwa hiyo hati ikawa tiketi ya kutoka nje ya kaunti. Shule zikapoteza wanafunzi kwa mkupuo. Mwaka 2020 mji ulihesabiwa watu 1,733.

Ukitoa wafungwa, askari wao na familia za Elmwood na McBride, kinachobaki katika ile 2,998 bado ni kikubwa: wazee wanaofariki, vijana wanaokwenda kusoma wasirudi, na kaya zilizochoka kusafiri kwa duka la vyakula, kwa kuwa la mwisho mjini lilifungwa mwaka 2015. Ila wengi hawakwenda mbali. Cape Girardeau iko ng'ambo ya Mississippi, na Paducah ng'ambo ya Ohio, zote mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Mama aliyehamia huko na wanawe, akarudi Cairo kila Jumapili kanisani kwake, kwenye jedwali la kaunti ni mtu aliyeondolewa, na kwenye jedwali la Missouri au Kentucky ni ongezeko lisiloonekana kabisa. Ndiyo maana, kabla ya kunukuu asilimia yoyote ya kaunti, mimi huomba kwanza jedwali la majirani zake.