Kilomita 21 za Novemba: siku ibaki dakika kumi, wiki ndiyo ikue

Watu wanaotaka kukimbia nusu marathoni ya Kampala mwezi wa Novemba huniuliza swali lilelile kila inapofika Juni: "Kocha, nianze na kilomita ngapi kwa siku?" Jibu langu huwaudhi kidogo. Siku haipewi kilomita hata moja. Siku hupewa dakika kumi, basi. Kilomita ni mzigo wa wiki.

Mtazame anayeanza na kilomita mbili kila siku. Wiki ya pili anapandisha hadi tatu, ya tatu hadi tano, maana hamu bado ipo na mwili haujamdai kitu. Kufikia hapo kila siku inamtaka dakika arobaini na tano, na ukiongeza kuoga na kubadili nguo ni saa nzima. Jumanne mvua inamfungia ndani. Jumatano foleni ya Jinja Road inamfikisha nyumbani saa tatu usiku. Alhamisi anataka kulipa deni lote kwa mkupuo, Ijumaa muundi unauma, na mwezi ujao raba ziko chini ya kitanda. Wenzake watasema ni mvivu. Mimi nasema kapiga hesabu vibaya. Mazoea hujengeka kwa jambo jepesi lisilobadilika. Moyo na misuli huimarika kwa mzigo unaopanda, unaopumzishwa, kisha unaopanda tena. Ukivipa vyote viwili namba ileile, kimoja kitakufa, na kwa kawaida hufa mazoea.

Hizo dakika kumi zina masharti matatu: raba mguuni, uko nje ya mlango, na unatembea au unakimbia. Kutembea kunahesabika sawasawa na kukimbia. Haziongezwi, hata ukifika wiki ya kumi na tano unajiona simba. Siku za mazoezi marefu, dakika hizo zinakuwa mwanzo wa mazoezi. Siku nyingine, dakika hizo zikiisha, unarudi ndani ukanywe chai yako.

Zifunge kwenye tukio linalotokea kila siku bila wewe kuliamua. Mwislamu ana swala ya alfajiri, na sijaona kishikizo kizuri kuliko hicho. Wengine hutumia kufungua geti, au kuwasha sigiri: ukishaweka maji ya chai unatoka, ukirudi yamechemka. Kengele ya simu ni dhaifu kwa sababu inazimwa kwa kidole ukiwa bado umelala. "Nikitoka kazini" ni mbaya zaidi, kwani mjini hakuna ajuaye atatoka saa ngapi. Sisi wa karibu na ikweta tuna bahati ambayo wakimbiaji wa Ulaya hawana: Kampala jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu hivi na saa moja kasoro, mwaka mzima. Ratiba ya alfajiri ya Julai itakufaa Novemba bila kuigusa.

Usiku uliotangulia weka raba mlangoni, soksi zikiwa ndani yake, na uwe umeshaamua utapita njia ipi. Chagua mzunguko unaoanzia mlangoni kwako, wa mita mia nane hadi kilomita moja, ili usihitaji taksi wala boda kwenda kufanya mazoezi. Kama unakaa mlimani, na Kampala nani hakai mlimani, tafuta njia inayozunguka kilima badala ya inayokipanda. Kimbia upande wa kulia, magari yakikujia usoni, maana boda inayotoka nyuma yako huisikii mpaka iko begani.

Sasa mzigo wa wiki. Hesabu wiki ishirini kurudi nyuma kutoka siku ya mbio. Utaangukia mwanzoni mwa Julai. Kila wiki ina mazoezi matatu ya dakika thelathini, tuseme Jumanne, Jumatano na Ijumaa, na safari moja ndefu Jumamosi au Jumapili. Safari ndefu peke yake ndiyo inayopanda. Wiki nne za kwanza ni kilomita 4, 5, 6, kisha unashuka hadi 4. Nne zinazofuata ni 6, 7, 8, kisha 6. Halafu 9, 10, 11, na 8. Halafu 12, 13, 14, na 10. Wiki ya kumi na saba ni 16, ya kumi na nane ni 18, ya kumi na tisa unateremka hadi 10, ya ishirini ni mbio yenyewe. Huhitaji kufikisha 21 mazoezini. Aliyemaliza 18 akiwa mzima, akapumzika vizuri wiki mbili, atazimaliza tatu zilizobaki.

Watu huiruka ile wiki ya nne ya kushuka kwa sababu ndiyo wanayojisikia vizuri. Usiiruke. Pumzi huzoea haraka, lakini kano na mifupa huchukua miezi, na wiki hiyo ni ya kuvisubiri.

Mazoezi ya dakika thelathini nayo hayaanzi kwa kukimbia mfululizo. Wiki ya kwanza kimbia dakika moja, tembea mbili, mara kumi. Kuanzia wiki ya tatu kimbia mbili, tembea moja, mara kumi. Wiki ya tano ni nne kwa moja, mara sita. Wiki ya nane ni tisa kwa moja, mara tatu. Kasi ipimwe kwa mdomo: uweze kusema sentensi nzima bila kuikata katikati. Ukianza kujibu kwa neno mojamoja, tembea. Wengi huona aibu kwenda polepole hivyo katika nchi ya mabingwa wa mbio kama Kiprotich na Kiplimo. Joshua Cheptegei wa Kapchorwa alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11 kule Valencia mwaka 2020, yaani kama dakika 2 na sekunde 37 kwa kila kilomita, lakini hata wakimbiaji wa kiwango hicho hutumia sehemu kubwa ya wiki kukimbia taratibu mno kuliko kasi yao ya mbio. Lengo lako likiwa kumaliza kwa saa mbili na nusu, unatakiwa dakika 7 na sekunde 6 kwa kilomita. Hiyo si kasi ya kutisha.

Raba ni mahali ambapo pesa kidogo inaweza kufanya kazi kubwa, hasa ukijua kuchagua mivumba, yaani mitumba. Nenda soko la Owino mchana, si asubuhi, kwa kuwa mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Shika raba, bonyeza kwa kidole gumba ile spongi iliyo kati ya soli na kitambaa: ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo mingi midogo pembeni, imekwisha hata kama juu inang'aa. Ikunje, ipinde penye vidole, isipinde katikati. Iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma. Iliyolalia upande mmoja ilikanyagwa vibaya na mwenyewe wa kwanza, nawe itakuvuta goti upande huohuo. Ukiivaa, upana wa kidole gumba ubaki mbele ya kidole chako kirefu. Muuzaji atakuambia itatanuka. Haitatanuka.

Kwenye kalenda ya ukutani piga mstari kila siku ya dakika kumi, na wikendi andika kilomita kando yake. Programu ya simu inafaa kupima umbali, ila kalenda inaonwa na watu wote wa nyumbani, na mtoto akiuliza "leo mbona hapana mstari?" utavaa raba. Ukikosa siku, iache wazi. Usilipe. Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti uliofuatilia watu 96 wakijenga zoea jipya: wastani ulikuwa siku 66, makadirio ya mmojammoja yakianzia 18 hadi 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwishafanyika. Wiki zetu ishirini ni siku 140, kwa hiyo nafasi ipo. Kinachovunja watu ni kukosa siku ya pili mfululizo huku wakijiambia wataanza upya Jumatatu. Ukikosa leo, kesho fanya dakika kumi tu, hata kama ratiba inasema thelathini.

Mvua ni lazima uipangie mapema, kwani mvua za Septemba hadi Novemba huangukia wiki zenye kilomita nyingi zaidi. Siku ya mvua dakika kumi zifanyike barazani: panda na ushuke ngazi moja, kisha simama ukingoni mwa ngazi uinue visigino mara kumi na tano, pumzika, rudia mara tatu. Hapo sharti la kuwa nje ya mlango limetimia. Safari ndefu ihamie siku inayofuata. Ikinyesha na siku hiyo pia, ifute. Usiibandike juu ya safari ya wiki ijayo. Ukiitwa msibani kijijini, beba raba. Dakika kumi hupatikana hata matangani, kabla watu hawajaamka.

Muundi ukiuma, gusa kwa kidole. Maumivu yaliyotandaa kwenye sehemu ndefu ya mguu kwa kawaida ni mzigo uliopanda haraka: rudi wiki mbili nyuma, hamia njia ya udongo, endelea na kuinua visigino. Maumivu yaliyojikusanya mahali padogo unapoweza kupafunika kwa ncha ya kidole, yanayouma hata usiku umelala, yanaweza kuwa ufa wa mfupa. Hapo unaacha kukimbia na kwenda hospitali. Homa nayo haina mjadala. Malaria ikikupata, futa hata zile dakika kumi, maliza dawa zote, kaa siku kadhaa bila homa, kisha rudi nyuma wiki nne kwenye ratiba. Anayekimbia na malaria anauweka moyo wake hatarini.

Kabla ya dakika thelathini huhitaji kula. Safari ikizidi saa moja na robo, kula ndizi moja ya bogoya na chai yenye sukari saa moja kabla, beba maji, unywe ukisikia kiu. Posho (ugali) na maharage vingoje mpaka urudi.

Mpango huu haufungwi na mbio. Anayesomea mtihani wa uhasibu huku akifanya kazi anaweza kuipa siku swali moja, na wiki idadi ya sura inayopanda na kushuka vivyo hivyo. Sitakwenda mbali huko, walimu wa uhasibu wapo.

Siku ya mbio, kosa huwa kwenye kilomita tatu za kwanza. Ngoma zinapigwa, watu elfu wanakupita, na wewe unajikuta unakimbia dakika sita kwa kilomita wakati miguu yako imezoea saba. Kimbia tatu hizo kwa kasi ya kuongea, tembea kila mlima unaokukata pumzi, na kwenye mteremko fupisha hatua badala ya kuzirefusha. Jumatatu yake paja likikuuma kushuka ngazi, ni kawaida. Vaa raba, tembea dakika kumi, piga mstari. Baada ya wiki moja ya kutembea tu, rudi kwenye ratiba ya wiki ya tisa.