Mkaidi si mbishi

"Mwalimu, mwanangu ni mkaidi mno, kila ukimwambia neno ana jibu lake." Sentensi hii nimeisikia mara nyingi mpaka nimechoka kuisahihisha kwa mdomo. Sasa naiandika.

Dhana: Ukaidi na ubishi ni kitu kimoja.

Sivyo, hata kidogo! Mtoto mwenye jibu kwa kila neno ni mbishi. Mwambie mbishi aoshe vyombo, atakupa hoja kumi kwamba si zamu yake, kisha huenda akaviosha huku ananung'unika. Mkaidi atakuitikia "ndiyo, mama" kwa adabu zote, na jioni utavikuta vyombo palepale. Ubishi u mdomoni. Ukaidi waweza kuwa kimya kabisa.

Tazama vitenzi vyenyewe. Tunabisha hoja, tunabisha habari, na kubishana kunataka wawili. Lakini tunakaidi amri, agizo, onyo, ushauri. Ndiyo maana magazeti huandika "kukaidi amri ya mahakama". Aliyekata rufaa hajakaidi chochote. Amebisha tu, tena kwa njia halali. Kukiuka nako ni kwingine: mtu aweza kukiuka sheria asiyoijua, ila hawezi kukaidi amri ambayo haikumfikia. Mkaidi lazima awe amesikia.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wanaukaidi kila muhula: kabla hujaandika neno hili, jiulize amri iko wapi. Ukiikosa, tafuta neno lingine. Mjeuri, mkorofi, mtundu, yote yapo na kila moja lina kazi yake.

Dhana: Husemwa "kichwa ngumu".

Kichwa ni cha ngeli ya KI-VI, basi ni kichwa kigumu. Nashuku kosa hili linapewa nguvu na "shingo ngumu", ambayo ni sahihi kwa kuwa shingo ni ya I-ZI. Waliosoma kitabu cha Kutoka wanawajua "watu wenye shingo ngumu". Katika mazungumzo sitamkamata mtu. Kwenye insha nakata alama. Na tafadhali, kichwa kizito si ukaidi: huyo ni mgumu wa kuelewa, pengine anatamani sana kutii ila hajui aanzie wapi.

Dhana: Sugu maana yake mkaidi.

Sugu ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa. Kutoka hapo tumepata mhalifu sugu, ugonjwa sugu, na usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Dawa haitoi amri, na kimelea hakikaidi.

Dhana: Kumwita mtu mkaidi ni kumsifu kwa msimamo.

Ukitaka kusifu, sema mshupavu, ingawa nalo hugeuka lawama pale mtu anaposhupaza shingo. Mkaidi hana upande wa sifa. "Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi" haikutungwa kwa ajili ya vina peke yake.

Dhana: "Ukaidi yake", "ukaidi hii", "maukaidi".

Ukaidi wake. Ukaidi huu. Wingi hauna, wakikaidi watu mia, bado ni ukaidi.