Visumbufu vya mimea katika mipaka ya Afrika Magharibi: ukaguzi unaanza shambani

Mwaka 2003 nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, Bactrocera dorsalis, alipatikana Kenya, ikiwa ni mara yake ya kwanza kuonekana barani Afrika. Haikupita miaka miwili hivi, alikuwa ameshapatikana Benin, Senegal, Togo, Ghana na Nigeria. Mwaka 2016 viwavijeshi vamizi kutoka Amerika waliripotiwa Nigeria, Benin, Togo na São Tomé, na mwaka uliofuata wakulima wa mahindi wa Kenya na Tanzania walikuwa wakipambana nao. Mwaka huohuo wa 2016 kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hula nyanya, aliteketeza nyanya za jimbo la Kaduna, Nigeria, hadi serikali ya jimbo ikatangaza hali ya dharura. Dumuzi wa mahindi, ambaye wakulima wa Tabora walimjua tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, alionekana Togo mwaka 1984.

Wadudu hawa hawasafiri kwa njia moja, na mpango wa ukaguzi usiozingatia hilo hupoteza fedha na watu. Nondo wa kiwavijeshi vamizi anaweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja. Hakuna kizuizi cha barabarani kitakachomsimamisha; kinachosaidia ni jirani kupata taarifa mapema ili wakulima wake waanze kukagua mahindi kabla hayajaliwa. Dumuzi ni tofauti. Umbali mrefu huupita ndani ya magunia ya mahindi na makopa ya muhogo. Funza wa nzi wa matunda husafiri ndani ya embe, na virusi vya muhogo ndani ya pingili, yaani vipande vya shina vya kupandia, zilizofungwa kamba nyuma ya pikipiki. Hawa hubebwa na binadamu, kwa hiyo binadamu anaweza kuwazuia. Nguvu ya ukaguzi ielekezwe huko.

Kanuni zipo za kutosha. Mkataba wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mimea ni wa mwaka 1951 na ulifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1997. UEMOA, umoja wa nchi nane zinazotumia faranga ya CFA, ulipitisha kanuni zake za afya ya mimea, wanyama na chakula mwaka 2007. ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya Afrika Magharibi, ilifuata mwaka 2010. Pengo liko kwenye utekelezaji. Malori ya vitunguu hutoka Niger kwenda Accra na Abidjan, nyanya hutoka Burkina Faso kwenda Ghana, na katika barabara ya Abidjan hadi Lagos mzigo huvuka mipaka minne: Noé na Elubo (Côte d'Ivoire na Ghana), kisha Aflao mlangoni mwa Lomé (Ghana na Togo), kisha Hillacondji (Togo na Benin), kisha Sèmè-Kraké (Benin na Nigeria). Mfanyabiashara mdogo anayesimamishwa mara nne kwa ajili ya ukaguzi uleule hujifunza haraka kupita njia ya panya. Ukaguzi unaorudiwa bila sababu hupunguza idadi ya mizigo inayoonekana, kwa hiyo ukaguzi mmoja wa kweli wa pamoja, maofisa wa nchi mbili wakiangalia meza moja, una manufaa kuliko minne ya kugonga mihuri.

Mkaguzi anapofikiwa na lori

Kazi huanza na karatasi. Cheti cha afya ya mimea hutolewa na mamlaka ya serikali ya nchi mzigo unakotoka. Muuzaji au wakala hana ruhusa ya kukitoa. Angalia jina la kisayansi la mmea, idadi au uzito, mahali ulikozalishwa, alama za makasha, tarehe ya ukaguzi, na tamko la ziada iwapo kibali cha nchi inayopokea kinalidai. Kosa la kawaida ni cheti kusema “matunda” pasipo jina la mmea, au uzito wa kwenye cheti kutolingana na uliomo ndani ya lori. Kosa baya zaidi halionekani kwenye karatasi: cheti kilichoandikwa ofisini bila mtu kuuona mzigo. Mkaguzi wa upande wa pili hawezi kulithibitisha kwa macho, lakini akikuta funza hai kwenye mizigo ya kituo kilekile mara kwa mara, ana sababu ya kuiandikia mamlaka husika. Vyeti vya kielektroniki, ambavyo Ghana ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuvijaribu, huondoa vyeti vya kughushi. Cheti kisichotokana na ukaguzi, hata kikiwa cha kielektroniki, bado ni cheti kitupu.

Kisha sampuli, na hapa makosa ni mengi. Katika shehena kubwa, mkaguzi anayetaka uhakika wa asilimia 95 kwamba ataona angalau tunda moja lenye funza, iwapo asilimia 5 ya matunda yameathirika, anapaswa kukagua matunda 59. Akitaka kugundua kiwango cha asilimia 2 anahitaji 149. Kwa asilimia 1 anahitaji 299. Akichukua matunda 10 tu, mzigo wenye asilimia 5 ya matunda mabovu una nafasi 60 kati ya 100 za kupita ukionekana safi. Tena hesabu hizi zinachukulia kuwa mkaguzi hakosei. Kidonda alichotagia nzi wa matunda ni kidogo kuliko kichwa cha pini, na katika siku za mwanzo ngozi ya embe haina dalili nyingine. Mkaguzi anayekosa nusu ya matunda yenye funza lazima akague 119 badala ya 59 ili kupata uhakika uleule.

Idadi haitoshi ikiwa matunda yote yametoka kwenye makasha ya mlangoni. Yale ndiyo yaliyopakiwa mwisho, na muuzaji anajua yataangaliwa. Yanatakiwa makasha ya mbele, katikati, nyuma, juu na chini, yaliyochaguliwa kwa namba kabla ya kufungua lori. Ndiyo maana kituo kinahitaji vibarua wa kushusha mzigo na kivuli cha kuuwekea. Bila hivyo hata mkaguzi hodari ataangalia ya mlangoni.

Vifaa vyenyewe si vya gharama kubwa: lenzi ya mkono inayokuza mara 10, kisu kikali, sinia jeupe, brashi laini, koleo ndogo, chekeche za nafaka, taa yenye mwanga mkali, na vichupa vya alkoholi ya asilimia 70. Embe likatwe vipande vyembamba kuzunguka kidonda, kisha lisubiriwe dakika chache, kwani funza wadogo huonekana wanapoanza kujinyonganyonga. Ukiwapata, waue kwanza kwa maji yaliyokaribia kuchemka ndipo uwaweke kwenye alkoholi. Funza aliyetumbukizwa moja kwa moja kwenye alkoholi hubadilika kuwa mweusi, na maabara hupata shida kumtambua. Matunda mengine ya sampuli yawekwe juu ya mchanga mkavu ndani ya chombo kilichofunikwa kitambaa chepesi, ili funza wageuke mabuu (pupa) na hatimaye nzi. Utambuzi wa spishi ni rahisi zaidi kwa nzi mzima.

Usisahau mbao. Chaga na makreti ya mbao hubeba wadudu wanaotoboa miti. Kiwango cha kimataifa namba 15 kinataka mbao zipashwe joto hadi nyuzi 56 za Selsiasi katikati ya ubao kwa dakika 30 mfululizo, au zipewe matibabu mengine yanayokubalika, kisha zigongwe alama yenye msimbo wa nchi, namba ya kiwanda na herufi za aina ya matibabu. Alama ikiwepo huku mbao zina magome au unga mpya wa kutobolewa, zichunguzwe.

Mwembe kwanza

Hata sampuli ya matunda 299 haiokoi mzigo uliotoka kwenye shamba lililojaa nzi. Umoja wa Ulaya ulilisema hilo kisheria: tangu Septemba 2019 maembe yanayoingia huko lazima yatoke nchi, eneo au shamba lisilo na nzi wa matunda wa kigeni, au yawe yamepitia matibabu au mfumo wa hatua kadhaa uliothibitishwa. Kwa Mali, Burkina Faso, Senegal na Côte d'Ivoire, ambako embe ni fedha ya msimu, agizo hilo lilirudisha kazi shambani. Mradi wa kikanda wa SyRIMAO, chini ya ECOWAS, uliundwa kwa ajili ya nzi hawa.

Shambani jambo la kwanza ni matunda yaliyodondoka. Embe moja bovu linaweza kuzalisha nzi wengi, na likiachwa chini, funza hutoka na kujichimbia kwenye udongo wa juu, sentimita chache tu. Okota angalau mara mbili kwa wiki. Yafungwe kwenye mifuko myeusi ya plastiki na kuachwa juani, au yafukiwe kwenye shimo la zaidi ya nusu mita. Shimo la kina cha jembe moja ni kazi bure, maana nzi wachanga hupanda na kutoka. Mitego yenye kivutio cha methili eujenoli hunasa madume. Itundikwe kivulini ndani ya matawi, kimo cha mita 1.5 hadi 2, waya wa kutundikia upakwe grisi ili sisimizi wasile nzi walionaswa kabla ya kuhesabiwa. Hesabu kila wiki, siku ileile. Chambo cha protini chenye kiuatilifu, kinachonyunyizwa kwa doa dogo la majani badala ya mti mzima, huwaua majike wanaotafuta chakula kabla ya kutaga. Mvua ikinyesha, rudia. Wengi huanza kunyunyiza wakiona matunda yameoza, na kwa wakati huo kizazi cha pili kiko ardhini tayari. Anza embe linapoanza kukomaa, idadi kwenye mitego ikiwa bado ndogo.

Ghana ilijifunza gharama ya kuchelewa. Kuanzia Oktoba 2015 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa aina tano za mboga zake, zikiwemo pilipili na biringanya, kwa sababu ya nzi wa matunda, nzi weupe, vithiripi na nondo wanaokutwa hai mara kwa mara. Marufuku iliondolewa mwanzoni mwa 2018, baada ya zaidi ya miaka miwili.

Upande wa nafaka na mikunde, Nigeria iliona sura nyingine ya tatizo hilohilo. Mwaka 2015 Ulaya ilisimamisha maharage makavu kutoka huko, kwa sababu mabaki ya kiuatilifu cha dichlorvos yalikuwa juu sana kuliko kikomo cha miligramu 0.01 kwa kilo. Waliokitumia walikuwa wanakimbia fukusi. Mfuko wa tabaka tatu, yaani mifuko miwili ya plastiki nene ndani ya gunia la kawaida, hufanya kazi hiyo bila sumu: mazao makavu hutiwa, hewa husindikwa nje, kila tabaka hufungwa peke yake, na wadudu hufa kwa kukosa oksijeni. Mfuko ukitobolewa na panya au mazao yakiwa na unyevu, haufanyi kazi. Kwa maghala makubwa, ufukizaji wa gesi ya sumu ya fosfini ukatishwapo siku ya tatu ili lori lipakiwe, huua wadudu wazima na kuacha mayai na mabuu. Rundo lifunikwe turubai lisilovuja, kingo zizibwe kwa mifuko mirefu ya mchanga, na liachwe takribani siku 7. Kazi hii ni ya waliofunzwa tu, na kamwe isifanyike ndani au kando ya nyumba wanamolala watu.

Pingili za muhogo

Mzigo wa hatari kubwa kuliko yote haufanani na mzigo wa hatari. Vitunguu vya kula vitaishia jikoni. Pingili zitaishia ardhini, zikibeba kila ugonjwa wa mmea mama. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kidung'ata wa muhogo, mdudu mdogo anayefyonza utomvu, aliingia eneo la Kongo kutoka Amerika Kusini akaenea nchi zaidi ya 20. Aliokolewa mkulima na nyigu mdogo kutoka Paraguay, Anagyrus lopezi, aliyeachiwa Nigeria mwaka 1981 na timu ya Hans Herren katika IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki. Herren alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Virusi havina nyigu wa kuvila.

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Tanganyika katika miaka ya 1930, umeshafika Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Programu ya WAVE, inayoshughulikia virusi vya mimea, yenye makao Bingerville, Côte d'Ivoire, inaandaa nchi za magharibi kwa ajili yake, na ni haki kabisa, kwani Nigeria ndiyo mzalishaji mkubwa wa muhogo duniani. Mkaguzi wa huko ajue hivi: batobato, ugonjwa mwingine wa virusi vya muhogo, huonekana juu, kwenye majani machanga yaliyojikunja. Michirizi ya kahawia huanza chini, kwenye majani makubwa, umanjano ukifuata mishipa. Shina lina mistari ya kahawia. Mzizi ukikatwa una madoa makavu, magumu, ya kahawia, na unaweza kuoza huku majani yakionekana mazima. Kwa hiyo kagua shamba la mbegu likiwa bado na majani, na chimba mizizi michache kila pembe. Pingili zilizokwisha kukatwa na kufungwa hazionyeshi kitu cha kuaminika, na kuzichovya kwenye dawa hakuondoi virusi.

Kwa mantiki hiyo pingili zisivuke mpaka kabisa. Aina mpya zisafirishwe kama miche ya maabara iliyopimwa, kwa kibali. Anayekutwa na mzigo wa pingili apewe maelezo kwa lugha yake, Kihausa, Kiewe, Kiyoruba, na aelekezwe kwa mzalishaji wa mbegu safi upande anakokwenda. Akinyang'anywa tu, kesho atapita porini.

Tangu tarehe 29 Januari 2025 Mali, Burkina Faso na Niger hazimo tena ndani ya ECOWAS, ingawa zimebaki UEMOA. Nzi wa matunda wa Sikasso, Mali, na wa Korhogo, Côte d'Ivoire, ni haohao. Wakuu wa mamlaka za afya ya mimea wa pande zote hawahitaji kusubiri mkataba mpya ili kupeana takwimu za mitego kila wiki wakati wa msimu wa embe, na kuandikiana kila kisumbufu kinapokamatwa: jina la spishi au picha yake, mmea, tarehe, kituo, namba ya cheti, wilaya mzigo ulikotoka, na hatua iliyochukuliwa. Wilaya ndiyo taarifa isiyopaswa kukosekana, kwa sababu ndiyo inayomwezesha mwenzako kupeleka mtu shambani.