Chupa ya soda, kifaru na gari lililopanda mti: uongo tunaoambiana kuhusu The Gods Must Be Crazy

Ukitaka kuona kinyozi akiacha kichwa cha mtu nusu, uliza tu wale wanaongoja foleni ni wapi panachekesha zaidi kwa The Gods Must Be Crazy. Hapa Nakuru watu wa rika langu karibu wote wameiona hiyo muvi, wengine shuleni Jumamosi jioni TV ikiwa imebebwa hadi holi ya kulia, wengine kwa vibanda vya vidio huko Kaptembwo na Rhonda, na ukishuka Kisumu, Kondele na Nyalenda, ni vile vile. Kwa ambaye hajaiona, ni komedi ya 1980: chupa ya soda inaanguka kutoka kwa ndege huko Kalahari, wenyeji wanaanza kugombana juu yake, na mmoja wao, Xi, anatembea kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Kuipenda si shida. Shida ni zile stori zinazokuja nayo, mtu anakuambia kitu kwa uhakika kabisa utafikiri yeye ndiye alishika kamera. Basi nimechukua zile ninazosikia sana nikaziweka hapa na ukweli wake, na katikati nitawaambia pia sehemu zangu ninazopenda, mtanivumilia.

Kubwa kuliko zote: ati yule jamaa hakuwa anaigiza

Hii inasemwa hata na watu wamesoma. Ati walimkuta tu porini Kalahari, hajawahi kuona mzungu, hajui pesa wala gari, wakamfuata na kamera yeye akawa anashangaa kikweli kweli. Jamaa anaitwa N!xau, wa jamii ya Ju/'hoansi upande wa Namibia, na kwa muvi anaitwa Xi. Na aliyeieneza sana hiyo stori ya mtu asiyejua dunia ni dairekta mwenyewe, Jamie Uys wa Afrika Kusini, maana ilikuwa inauza. Lakini 1980 muvi inatoka, watu wengi wa Tsumkwe, kwao na N!xau huko Namibia, walikuwa wameshahamia makazi karibu na ofisi za serikali, wanakula unga wa mahindi wa kununua na wa msaada, na jeshi la Afrika Kusini lilikuwa linaandika vijana wao kazi ya kufuata nyayo za waasi. Wazungu walikuwa wamewaona mpaka wakawachoka. Kuna Mmarekani anaitwa John Marshall aliyekuwa akienda kule na kamera tangu miaka ya 1950, na kwa filamu yake ya 1980 kuhusu mama anayeitwa N!ai unawaona watu wa Uys wakiwa kazini: mtu anaelekezwa, anakosea, anarudishwa, anarudia tena. Hiyo si ya kuvizia mtu porini, hiyo ni kazi.

Sasa ukishajua hivyo rudi uangalie ile ya nyani. Nyani amenyakua chupa, Xi anaitaka. Hamtupii mawe, hamfukuzi. Anasimama anamwongelesha, polepole, uso mkavu kabisa, mikono ikieleza, kama mzee wa ukoo anayesuluhisha ndugu wawili waliogombania mpaka wa shamba, ati ndugu yangu hicho kitu ni kibaya, kitakuletea matata, mpaka nyani mwenyewe anakiachilia. Jaribu wewe kuongelesha mnyama mbele ya kamera bila kucheka na bila kuonekana mjinga. Mimi nasema huyo ni mchekeshaji wa daraja la juu, na tukisema ati alikuwa tu anaishi maisha yake tunamnyang'anya kitu alichokifanyia jasho.

Kuna pia pale anapokutana na Kate, yule mwalimu mzungu, mara ya kwanza. Sauti ya msimulizi inatuambia Xi anawaza nini: huyu kiumbe amepauka kama kitu kilichotambaa kutoka ndani ya gogo lililooza, nywele zake zinatisha, halafu vile ni mkubwa hivi mtu angechimba siku nzima ndio apate chakula cha kumtosha. Tulikuwa tumezoea muvi za mzungu kumkodolea Mwafrika macho, hii ikageuza, na holi ya shule nzima ilianguka chini.

Pesa zake

Hapa kuna kambi mbili. Ya kwanza inaapa N!xau alitajirika akahamia Marekani, ya pili inaapa alilipwa kreti ya soda akarudishwa porini. Zote ni za kahawa. Kwa muvi ya kwanza kiasi kinachotajwa mara nyingi ni kama dola 300, na hapo muvi yenyewe iliingiza karibu dola milioni 30 huko Marekani peke yake, kwa hivyo kuonewa alionewa, hilo sibishi. Ila walipomrudia kwa ya pili, iliyotoka 1989, huyo mtu ambaye ati hakujua pesa alidai malaki ya dola kabla akubali, na sababu alizotoa ni sababu ambazo mtu yeyote wa Ahero au Molo angetoa: nyumba ya matofali, stima, pampu ya maji. Baadaye akarudi kwao akalima mahindi, maharagwe na maboga, akafuga ng'ombe kadhaa. Mwaka 2000 akabatizwa Msabato (watu wa Kisii na Homa Bay, mko na ndugu hapo). Alifariki Julai 2003, ikasemekana ni kifua kikuu, akikadiriwa kuwa na miaka 59 hivi, makadirio kwa sababu mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa popote.

Kifaru kuzima moto

Hii sasa inatuhusu sisi wa Nakuru kabisa, tunaishi ukuta kwa ukuta na vifaru. Sehemu yenyewe mnaikumbuka: usiku, Steyn yule mtafiti wa kinyesi cha ndovu amewasha moto, Kate yuko hapo, ghafla kifaru anatoka gizani anakanyaga moto kwa miguu mpaka uzimike halafu anaenda zake kama askari wa kanjo amemaliza zamu. Steyn anajaribu kueleza, mama haamini hata neno moja, anaona huyu mwanaume amebuni stori ya kifaru ndio apate kumkaribia. Hapo ndipo mimi hucheka mpaka nikohoe, si kifaru, ni vile mtu anasema ukweli mtupu na kila akieleza zaidi anazidi kuonekana mwongo.

Halafu unakuta mtu mzima anakuonya ati ukienda kwa paki usiwashe moto, kifaru atakuja kuuzima. Usiwashe moto kwa paki kweli, lakini kwa sababu ni marufuku na nyasi za Januari zinashika haraka. Hiyo ya kifaru zimamoto ni hadithi ya zamani inayosimuliwa sana India, Burma na Malaysia, na hakuna utafiti ulioithibitisha, si kwa vifaru wa kule wala wa huku. Paki ya Ziwa Nakuru ina aina zote mbili, weusi na weupe, na wamelindwa na kuangaliwa miaka mingi na maaskari wa KWS, kungekuwa na kifaru wa kukanyaga moto tungekuwa tushasikia. Kifaru macho yake ni mabovu, anategemea pua na masikio, na moshi kwa kawaida ni sababu ya mnyama kuondoka. Uys alichukua hadithi ya Asia akaipeleka Kalahari, na ilikubali kwa sababu ni nzuri.

Zile mdomo za "tk tk" si za kuchekesha watu

Kuna watoto bado wanaigiza Xi kwa kugonga ulimi ovyo ovyo wakidhani jamaa alikuwa anabuni. Ju/'hoan ni lugha kamili, ina mibofyo (hiyo milio ya kugonga ulimi) ya aina nne za msingi, na kila moja inabadilishwa njia nyingi mpaka zinakuwa konsonanti nyingi za kutosha kukuvunja ulimi. Na usiende mbali, Wahadza na Wasandawe hapo Tanzania wana mibofyo pia, na hapa kwetu Wadahalo wa pande za Lamu na Tana River. Alama ya mshangao kwa jina la N!xau si mapambo, ni herufi.

Mbona wanakimbia haraka hivyo?

Fundi mmoja wa redio mtaani kwetu aliwahi kuchokora mashine ya kaseti ya jirani akisema mkanda unaenda mbio. Mkanda ulikuwa sawa. Uys alirekodi sehemu nyingi kamera ikipiga picha chache kwa sekunde, ukija kuonyesha kwa mwendo wa kawaida watu wanaonekana wanachapa miguu kama kuku. Ni mbinu ya sinema zile za kimya za zamani, na yeye aliipenda, hasa Steyn akiwa amechanganyikiwa mbele ya Kate.

Gari haliwezi kupanda mti, si ndio?

Land Rover ya Steyn inaitwa Antichrist, na yeyote aliyewahi kusukuma gari la kazi kule Njoro asubuhi ya baridi anajua hakuna jina bora. Breki hakuna, ukilizima haliwaki, kwa hivyo akifika geti lazima aruke nje linguruma, atafute jiwe la kuweka kwa tairi, afungue, arudi akimbie. Halafu inafika ile ya mto: amekwama, anafunga winchi kwa mti ijivute, akili yake inaenda kwa Kate, na kamba inaendelea kuvuta na kuvuta. Wakikumbuka, gari liko hewani linaning'inia mtini.

Watu husema hiyo ni uongo wa sinema. Hebu tupige hesabu kidogo. Land Rover za zamani hizo fupi ni kama tani moja na nusu hivi, na winchi za magari ya aina hiyo kuna nyingi za kuvuta tani tatu na zaidi. Kwa hivyo nguvu ya kuinua ipo. Kinachoniletea shaka ni tawi, maana tawi la kubeba hiyo mizigo si la kuokota tu kila kona ya mto, na injini ikishainama vile sijui mafuta yangeendelea kufika saa ngapi. Lakini kusema haiwezekani kabisa ni kuonea winchi.

Chupa nayo. Mnabishana ati ingevunjika kuanguka kutoka kwa ndege. Kwa mawe ndiyo, kwa mchanga mwororo wa Kalahari inaweza kupona, kioo cha soda ni kizito. Mimi kilichonichekesha utotoni ni kingine: wale watu wanaipulizia muziki, wananyooshea ngozi ya nyoka, wanatwangia, halafu wanaanza kugongana nayo vichwa, na Xi anatembea hadi mwisho wa dunia kwenda kuitupa, na sisi wote tuko pale tunashangaa mbona hairudishi kwa duka apewe pesa ya chupa.

Na huo mwisho wa dunia wenyewe, kwa wale wanaosema muvi yote ilichezwa Botswana, au Tsavo (nimesikia Tsavo, naapa), ni ukingo wa jabali unaoitwa God's Window huko Afrika Kusini, siku ambayo mawingu yalikuwa yamelala chini. Jina la Botswana lilisaidia kwa sababu nyingine. Enzi hizo za ubaguzi wa rangi, bidhaa ya Afrika Kusini ilikuwa inasusiwa, na muvi ikawa inauzwa nje kama ya Botswana. Anayekuambia ni komedi tupu isiyo na siasa mwambie aangalie hilo kwanza.

Ile laini unayoipenda pengine haimo

Hii itawaumiza. Wengi wetu tuliona muvi kupitia DJ wa kutafsiri, DJ Afro na wenzake, na hao hawatafsiri, wanapika upya. Mwigizaji amenyamaza, DJ anampa deni la chama na shemeji wa Bondo. Ukiona muvi yenyewe na sauti yake unatafuta ule utani mpaka mwisho na hautokei. Si kosa la muvi.

Na part three, part four, part five

Hapo zamani ungezipata zote kwa diski moja, muvi kumi kwa bei ya moja, picha ya N!xau kwa kava. Za Uys ni mbili tu, ya 1980 na ya 1989. Zingine ni za Hong Kong: Crazy Safari ya 1991, halafu moja ya 1993 na nyingine ya 1994. N!xau ni yule yule, walimlipia ndege akaenda, lakini Uys hayumo kabisa. Kwa hivyo ukiwa unaangalia Crazy Safari na mzimu wa Kichina uliovaa kanzu unaanza kurukaruka Kalahari miguu ikiwa pamoja, TV haijashika stesheni mbili, usimpige mtu simu. Ndivyo ilivyo, na kusema kweli hiyo ya mzimu si mbaya.