Apple na InVisage: yanayosemwa na yaliyo kweli

Novemba 2017 Apple ilithibitisha kwamba imeinunua InVisage, kampuni changa ya California iliyotengeneza vihisi vya picha, yaani chipu za kamera zinazogeuza mwanga kuwa picha. Bei haikutajwa, wala sababu. Tangu hapo yamesemwa mengi, na mengine hayana msingi.

"Kununua kimyakimya ni kuvunja sheria."
Hapana. Mwaka huo sheria ya Marekani ilidai serikali iarifiwe mauziano yakianzia dola milioni 80.8, na hata taarifa hizo hutunzwa kwa siri. Februari 2021 Tim Cook, mkuu wa Apple wakati huo, aliwaambia wanahisa kuwa Apple imenunua kampuni kama 100 ndani ya miaka sita. Nani kati yetu anaweza kuzitaja hata kumi?

"Ubora wa kamera ni megapikseli."
Hapa ndipo penye uhondo, na ndipo watu wengi wanapopita haraka. Kihisi cha kawaida hunasa mwanga kwa silikoni, nayo huunyonya polepole, hivyo huhitaji unene wa mikroni kadhaa (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). InVisage ilipaka juu ya silikoni utando wa nukta za kwanta, chembe zenye upana wa nanomita chache (nanomita ni sehemu ya elfu ya mikroni). Utando huo, QuantumFilm, haukufika mikroni 1 kwa unene, na ndio ulionasa mwanga; silikoni ikabaki na kazi ya kusoma umeme unaotokea.

Faida yake ni nini? Piga picha feni ya dari inapozunguka kwa kasi. Kwenye simu nyingi mapanga hutokea yamepinda, kwa kuwa kihisi husoma mstari mmoja baada ya mwingine na feni haikusubiri. QuantumFilm iliweza kuzimwa yote kwa mpigo kwa kubadili volti tu, mistari yote ikashika tukio lile lile. Ukiongeza ukubwa wa nukta, utando unanasa hata infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ambayo silikoni huipata kwa shida. Idadi ya megapikseli haikuambii lolote kati ya hayo.

"Ikishanunuliwa, simu ijayo itakuwa nayo."
Si lazima. Desemba 2022, miaka mitano baada ya ununuzi, Cook alikuwa Kumamoto, Japani, akiishukuru Sony kwa vihisi vya iPhone. PrimeSense ya Israel, kampuni ya vihisi vya kupima umbali, ilinunuliwa na Apple 2013, na kamera ya kutambua uso ikaja na iPhone X mwaka 2017. Hiyo ni miaka minne, tena kwa kazi iliyofanikiwa. Kinachonunuliwa mara nyingi ni hataza (haki za uvumbuzi) na wahandisi, si bidhaa iliyo tayari kuingia dukani.

"Kampuni kubwa ikinunua, teknolojia hutufikia sote upesi."
Hii ndiyo inayoniuma. InVisage ilijengwa ili iuzie watengenezaji mbalimbali, na hata mfuko wa uwekezaji wa Nokia ulitia fedha humo. Baada ya mauzo, mtengenezaji wa simu za bei nafuu anayekitaka kihisi kile hana tena mlango wa kubisha.