Kiongezakasi cha Protoni cha Ukubwa wa Sahani Nacho Kinahitaji Kibali

Sisi wa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania tunatambua nia njema ya vyuo na mafundi wa hapa Arusha wanaotaka kujiundia kiongezakasi kidogo cha protoni, yaani mashine inayozikimbiza protoni (viini vya hidrojeni) kwa volti na sumaku. Ila kuna kauli inayotufikia mara kwa mara ofisini Njiro: "Yangu ni ndogo tu, na haina madini ya mionzi ndani." Kuhusu madini, sawa. Hilo la udogo ndilo linalotuchosha.

Mwaka 1931, huko Berkeley nchini Marekani, wanafizikia Lawrence na Livingston walitumia chumba cha utupu chenye kipenyo cha sentimita 11 hivi, wakazifikisha aioni za hidrojeni (chembe zake zenye chaji) kwenye volti-elektroni 80,000; volti-elektroni ni kipimo cha nishati ya chembe. Sumaku ya tesla 1 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), yenye nusu kipenyo cha sentimita 10, inaipa protoni takribani volti-elektroni 480,000. Ukiongeza nguvu ya sumaku mara mbili, nishati hupanda mara nne. Tena ukiweka kipande cha lithiamu ili protoni zikigonge, zikiwa karibu na volti-elektroni 440,000 hutoka miale ya gama, mionzi inayopenya sana, ya volti-elektroni milioni 17. Hiyo ndiyo "ndogo tu".

Wengi wanaogopa protoni zenyewe, wakati hata ile ya volti-elektroni milioni 1 husimamishwa na karatasi ya alumini ya jikoni. Hofu yetu ni eksirei. Elektroni zinazochomoka kwenye metali hukimbizwa na volti ileile inayozikimbiza protoni, zikigonga chuma hutoa eksirei, na eksirei hizo zinaweza kuanza kabla hujafungulia hata gesi ya hidrojeni inayotoa protoni. Kwa hiyo "nilikuwa najaribu volti tu" si utetezi. Na tafadhali, usichungulie kwenye dirisha la kioo. Weka kamera.

Sheria ya Nguvu za Atomu, Na. 7 ya mwaka 2003, inataka kibali kitangulie. Leta mchoro wa chumba unaoonyesha nani anakaa nyuma ya kila ukuta, juu na chini. Unene wa kuta hizo. Na hesabu ya mionzi kwa nishati ya juu kabisa ambayo mashine inaweza kufika, si ile unayokusudia. Onyesha swichi ya mlango inayokata volti mlango ukifunguliwa. Taja msimamizi wa usalama wa mionzi. Kipimamionzi kiwe na cheti cha ukaguzi ambacho hakijaisha muda, na kila anayeingia avae beji ya dozimita, inayopima mionzi aliyoipata, fundi umeme akiwemo. Ukomo ni milisiverti 1 (kipimo cha mionzi inayompata mtu) kwa mwaka kwa mwananchi, na wastani wa 20 kwa mfanyakazi wa mionzi. Tumewahi kuletewa kurasa nyingi za sumaku na mstari mmoja wa ukuta. Ombi la namna hiyo linarudi lilikotoka.

Kuwasha bila kibali ni kosa la jinai, hata kama mradi ni wa masomo.

Ukibadili gesi ukaweka hidrojeni nzito, ombi linaanza upya: hiyo hutoa nyutroni, chembe zisizo na chaji, hata kwa volti ndogo, na ukuta wa madini ya risasi hauzizuii. Redio ya jirani ikianza kukwaruza, kwa kuwa sumaku ya tesla 1 inadai volti igeukegeuke kwa masafa ya redio ya megahezi 15 hivi, hilo ni suala la TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.