Radi haiui kifaranga ndani ya yai

Mvua za masika zikianza hapa Nairobi, wengi wetu tunaofuga kuku nyuma ya nyumba hutia kipande cha makaa au msumari kwenye kiota. Tumelelewa tukiambiwa kwamba ngurumo huua vifaranga ndani ya yai. Sivyo. Sauti ya radi haiharibu yai, na makaa hayakingi lolote.

Kinachoharibu ni kile kinachofuatana na radi: maji na baridi. Kuku anayeatamia huyaweka mayai kwenye joto la nyuzi 37 au 38 hivi, siku 21. Matandiko yakiloa, au akiwekewa mayai 18 asiyoweza kuyafunika, ya pembeni hupoa na kuwa viza. Mengine hayakuwa na mbegu ya jogoo tangu mwanzo. Radi imesingiziwa tu.

Usiku wa siku ya 7, liweke yai juu ya tochi ya simu. Ukiona mishipa myekundu imetanda kama miguu ya buibui, kifaranga anakua. Lililo angavu tupu, litoe. Kuku wa kienyeji mpe mayai 10 hadi 12 kwenye nyasi kavu, na bati likiwa na tundu, lizibe kabla wingu halijatanda.